Ardhi ya Hifadhi: Fahamu Mipaka Kabla ya Kununua Shamba

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaigawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kundi hili la tatu wananchi wengi hulichukulia kuwa kitu kimoja, ilhali masharti yake hutofautiana kulingana na hadhi ya eneo husika.

Mfano ulio wazi ni Selous. Lilipokuwa pori la akiba lote, uwindaji wa kitalii uliruhusiwa kwa leseni. Mwaka 2019, baada ya Bunge kuridhia, zaidi ya kilomita za mraba 30,000 za pori hilo zilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chini ya TANAPA, na uwindaji ndani yake ukakoma. Sehemu iliyosalia ni pori la akiba, chini ya TAWA.

Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori ni jambo jingine. Huko ardhi hubaki kuwa ya vijiji, ambavyo vimeitenga vyenyewe kwa ajili ya uhifadhi.

Tofauti hizi humgusa zaidi mnunuzi wa shamba. Halmashauri ya kijiji hugawa ardhi ya kijiji pekee, tena kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari wa kikao, hata ukiwa na mhuri, haubadilishi mpaka wa hifadhi, na aliyelipia eneo lililo ndani yake hana hakimiliki ya kudai. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulizie ramani katika ofisi ya ardhi ya wilaya, kisha avione vigingi kwa macho yake.