Shibboleth: Neno Lililoua Watu Kivukoni

Juma lililopita kijana mmoja wa parokia yetu, asomaye sekondari, alinijia ofisini na gazeti la Kiingereza mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Hivi shibboleth ni kitu gani?" Nikamwambia aketi, maana neno hilo Waingereza hawakulitunga. Walilitoa katika Biblia, na habari yake ni ya damu.

Fungueni Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Efraimu walimkasirikia Yeftha kwa kuwa hakuwaita alipokwenda kupigana na Waamoni, wakatisha kumchoma moto pamoja na nyumba yake. Yeftha akakusanya watu wa Gileadi, akawashinda. Kisha Wagileadi wakashika vivuko vya mto Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliulizwa kama yeye ni Mwefraimu. Akikana, aliambiwa atamke neno moja tu: shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka "sh", walisema "sibolethi". Aliyesema hivyo alichinjwa papo hapo. Biblia yahesabu Waefraimu 42,000 waliokufa wakati ule.

Na neno lenyewe maana yake nini? Kwa Kiebrania ni suke la nafaka. Tena mahali pengine, kama katika Zaburi ya 69, ni maji yaendayo kwa nguvu. Mtakatifu Yeronimo, alipofasiri Biblia kwa Kilatini, aliongeza hapo kwamba maana yake ni suke. Nami hapa sipiti upesi. Masuke saba aliyoyaota Farao yanaitwa kwa neno hilohilo, na aliyeifumbua ndoto ile ni Yosefu, babake Efraimu! Tena Gileadi mwenyewe, katika Kitabu cha Hesabu, ni kitukuu wa Yosefu kwa Manase. Kumbe waliochinjana pale mtoni walikuwa ndugu.

Siku hizi Waingereza hulitumia kwa tamko au desturi imtambulishayo mtu kuwa si wa kwetu. Hulitumia pia kwa msemo mkuukuu ambao watu wa kundi fulani huushikilia, wala hawaulizi tena kama ni kweli.

Msidhani mambo hayo ni ya kale tu. Mwezi wa Oktoba 1937, katika Jamhuri ya Dominika, mtawala Trujillo aliamuru Wahaiti wauawe, wakafa kwa maelfu. Husimuliwa kwamba askari walionyesha jani la mboga na kuuliza jina lake kwa Kihispania, perejil. Aliyeshindwa kuitamka "r" yake alijulikana kuwa Mhaiti. Na pande zote mbili Wakatoliki walikuwa wengi.

Kijana akaniuliza kama sisi nasi tunalo neno la namna hiyo. Nikakumbuka chuo cha ualimu. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao hawatengi "l" na "r", alisimama kusoma mbele ya darasa, akasema "tulikura ugali". Tulicheka sote, nami nilicheka kupita wengine. Muhula ule wote hakujitolea tena kusoma.

Sasa wazazi wakija kubatiza mtoto, mama akitamka "Malia", mimi naandika Maria, wala sinyanyui macho.