Mama Zetu Hawamo Katika Shajara

Utotoni nikiwasikia wazee barazani wakihesabu nasaba, fulani bin fulani, hata wafike Shirazi. Wengine wakicheka kando: hizo hadithi za kujitukuza! Basi mwaka 2023 ubishi huo ulipata mashahidi wasiohongeka, nao ni mifupa.

Wataalamu, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba, walichunguza vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwengineko. Wakaona Waafrika na Waajemi walianza kuchanganya damu yapata mwaka 1000. Asili ya Kiarabu ilizidi baada ya 1500. Kumbe wazee hawakusema uwongo.

Ila walisema nusu. Mtu hubeba alama anayoirithi kwa mamake tu, na mwanamume hubeba nyingine ya babake. Alama hizo zimeonyesha kuwa Waajemi wale takriban wote walikuwa wanaume, na waliowazalia ni wanawake wa Kiafrika. Lugha ninayoandikia hapa ni ya hao kina mama.

Shajara ya kwetu niliinakili kwa mkono wangu. Ina majina kumi na mawili. Nimeisoma tena jana usiku, nikitafuta la mwanamke. Silioni.