Mama msomi, mzigo huu usiubebe peke yako

HUENDA waijua hali hii. Ni usiku wa manane, mtoto amelala, nawe waketi mezani uendelee na tasnifu yako. Hujamaliza ukurasa mmoja, analia. Alfajiri wakungoja uji, nepi na foleni ya matatu, na saa mbili wanafunzi wako wamekwisha kufika ukumbini. Ukichelewa, utaambiwa hujali kazi. Ukiwahi, jirani atauliza mtoto umemwachia nani.

Wengi watakukumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, Profesa Wangari Maathai alipopata shahada ya uzamifu jijini Nairobi mwaka wa 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, tayari alikuwa mama. Alizaa watoto watatu, na kufikia mwaka wa 1976 alikuwa mkuu wa idara. Wala hakunyamaza: alidai wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na ya wanaume.

Nawe zijue haki zako. Zamani, mama aliyechukua likizo ya uzazi ya miezi miwili aliipoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya Ajira ya 2007 iliondoa adhabu hiyo. Sasa una miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba ana wiki mbili. Mwarifu mwajiri kwa maandishi, angalau siku saba kabla.

Hata hivyo, mtoto anatakiwa kunyonya bila kupewa chakula kingine kwa miezi sita. Miezi mitatu iliyobaki je? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha na kukupa muda wa kufanya hivyo. Uliza chumba hicho kiko wapi hapo chuoni.

Mwanafunzi asiyeajiriwa hana likizo hiyo. Kama ndiwe, usingoje ushindwe. Mwone msimamizi wako mapema mpange ratiba upya, au uombe kwa barua kuahirisha masomo.

Nawe baba unayesoma haya, mzigo wa mwenzio usiuone kanda la usufi. Mpokee mtoto jioni, mwogeshe, mbembeleze alale. Saa mbili hizo kwa mkeo ni sura nzima ya tasnifu. Kidole kimoja hakivunji chawa.