Mbele ya kuuza parsele juu ya kansa ya njia ya mukojo

Hapa Kasha, katika komini ya Bagira, mutu akianza kukojoa damu, majirani wanasema mara moja: ni karuho, wamemupatia sumu. Anapelekwa kwa munganga wa miti, anakunywa majani, damu inakatika, jamaa wanashukuru. Miezi inapita, damu inarudi. Kama ilikuwa kansa, ile miezi imepotea.

Damu ndani ya mukojo inaweza kuletwa na mambo mengi: vijidudu, mawe ya figo, bilarzi. Mara chache ni kansa ya njia ya juu ya mukojo, ndiyo kusema pale mukojo unapokusanyika ndani ya figo, na murija unaouteremusha mpaka kwenye kibofu. Damu yake mara nyingi haina maumivu, na inaweza kukatika yenyewe. Ndiyo maana inadanganya watu.

Tumbaku inaileta. Majani mengine pia: Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake walikunywa dawa ya kupunguza unene iliyokuwa na mumea wa aristolokia. Figo zao zikafa, na kisha wengi wakakutwa na kansa hii.

Ikiwa kansa haijasambaa, matunzo ya kwanza ni upasuaji: wanatoa figo yenye kansa pamoja na murija wake wote. Mutu anaweza kuishi na figo moja.

Kisha inakuja shimio, ile dawa inayopitishwa katika mushipa. Huko Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa, wakaianza mbele ya siku 90 kutimia. Matokeo yalitoka mwaka 2020: kiisha miaka 3, watu 71 kwa 100 walikuwa hai bila kansa kurudi. Kwa wale ambao hawakupewa, walikuwa 46 kwa 100.

Lakini dawa yenye nguvu zaidi, sisplatini, inaumiza figo, na mugonjwa amebaki na moja tu. Ndiyo sababu wanapima kreatinini katika damu kwanza. Figo ikiwa zaifu, wanaweza kutumia karboplatini. Madaktari wengine wanatanguliza shimio mbele ya upasuaji, wakati figo zingali mbili.

Na mionzi? Bukavu hatuna mashini hiyo. Ya karibu iko Kigali, kwenye hospitali ya kijeshi ya Kanombe, tangu 2019. Ni kuvuka Ruzizi, kulipa nyumba na chakula, pengine majuma mengi. Jamaa wanauza parsele kwa sababu jirani mwenye kansa ya mulango wa kizazi alisaidiwa na mionzi. Ni kweli, kansa ile inahitaji mionzi sana. Hii ya njia ya juu ya mukojo, kwa kawaida hapana. Mionzi inasaidia zaidi wakati kansa imefika kwenye mifupa na inauma, ama damu inakataa kukatika. Hapo pengine siku chache zinatosha, hata moja.

Basi, mbele ya kuuza kitu, uliza daktari:
- Kansa imefika wapi?
- Figo ya pili ina nguvu gani?
- Shimio itakuja mbele ya upasuaji ao nyuma, na tarehe gani?
- Mionzi hii ni ya kuponyesha ao ya kupunguza maumivu?

Na ukiona damu ndani ya mukojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda kwanza hospitalini wapime mukojo na kufanya ekografi. Usingoje irudi.