Kichwa cha Mbwa Aliyeuma Kisipondwe

Mbwa akiingia kijijini udenda ukimtoka, akiuma kila kinachopita, sisi watu wa Kasulu na Kibondo twajua la kufanya: marungu na mawe, na pigo la mwisho ni la kichwani. Kisha anafukiwa. Kumwua huenda ikalazimu. Lakini ubongo uliopondwa huenda na jibu ambalo wazazi wa mtoto aliyeumwa wanalitafuta: je, alikuwa na kichaa au hakuwa nacho?

Virusi vya kichaa ni vidogo mno, hadubini ya kawaida haivioni. Mwaka 1903 Mwitalia Adelchi Negri alieleza madoa yanayoonekana ndani ya chembe za ubongo wa mnyama mwenye kichaa, na kwa miaka mingi wataalamu waliyategemea hayo. Tabu ni kwamba wako wanyama wagonjwa wasio na madoa hayo.

Ndugu msomaji, mwili ukiingiliwa na kijidudu hutengeneza protini za kujilinda, ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili humjua adui yake, kama ufunguo na kufuli lake. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walifaulu kuzibandika rangi yenye kung'aa. Mwaka 1958 Goldwasser na Kissling wakaitumia njia hiyo kutambua kichaa cha mbwa.

Kazi yenyewe si ya kimiujiza. Ubongo kidogo hupakwa juu ya kioo, hudondoshewa kingamwili zenye rangi, kisha huoshwa. Kama virusi havimo, kingamwili hazina pa kushika, zinakwenda na maji. Kama vimo, zinang'ang'ania protini ya virusi, na chini ya hadubini yenye taa maalum huonekana vinukta vya kijani vinavyong'aa gizani. Katika muda wa saa chache jibu liko mezani.

Kwetu shida ni njia. Kutoka Kasulu hadi maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na ubongo uliooza hautoi jibu la kuaminika. Kwa hiyo mwite bwana mifugo mapema. Yeye ndiye akate kichwa, akiwa na glovu, akiweke katika deli lenye barafu, au ahifadhi kipande cha ubongo katika maji ya gliserini. Usikiguse kwa mikono mitupu. Kipo pia kipimo ndugu yake kinachotumia hadubini ya kawaida. Matokeo ya majaribio yake kwa sampuli za Tanzania yalitangazwa mwaka 2006. Kwa wilaya za mbali kama zetu, naona hicho ndicho cha kudaiwa.

Mtoto lakini asingojee maabara. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, si pilipili wala majani, halafu hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na kama mbwa ameweza kufungwa akiwa hai, msimwue: atazamwe siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki.