“Baba, mbona kila taa ina miiba?”

Tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula cha usiku, bodaboda zikipita barabarani. Binti yangu, wakati huo yuko Darasa la Tatu, akaniuliza: “Baba, mbona kila taa ina miiba?”

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya watoto. Nikamuuliza miiba ipi, akanionyesha kwa kidole: mmoja mrefu unapanda juu, mwingine unashuka chini. Mama yake hakucheka. “Hata taa ya jirani?” Hata ya jirani.

Wiki mbili kabla ya hapo, daftari lake la hesabu lilirudi na maandishi mekundu: “Mvivu, hazingatii.” Ubaoni palipokuwa na 7, yeye alinakili 1. Nami nilimgombeza na kumnyima katuni wiki nzima.

Kesho yake tulimpeleka kliniki ya macho. Jibu likawa astigmatizimu, macho yote mawili, la kushoto likiwa baya zaidi.

Mzazi mwenzangu, jina linatisha kuliko jambo lenyewe. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa kawaida huwa mviringo kama mpira wa miguu. Kwa mwenye astigmatizimu, mara nyingi huwa kama yai lililolazwa: upande mmoja umepinda zaidi kuliko mwingine. Mwanga ukiingia haukutani mahali pamoja, hivyo taa huota miiba na mistari ya upande mmoja hufifia. Binti yangu alipopewa karatasi ya miraba, aliiona mistari iliyosimama, lakini iliyolala ilikuwa kama imefutwa. Ndipo nikaelewa ile 7 ilivyopoteza kichwa chake.

<b>Kwa nini mtoto hasemi?</b>

Hasemi kwa sababu hajawahi kuona vingine. Anadhani sote tunaona hivyo. Hata wasomi yamewakuta. George Airy, mtaalamu wa nyota wa Uingereza, aligundua akiwa mtu mzima, tena kwa bahati tu, kwamba anaposoma halitumii jicho lake la kushoto. Mwaka 1825 alieleza jinsi alivyolipatia jicho hilo lenzi maalumu. Ikiwa yeye hakujua, mtoto wa miaka minane atajuaje?

Basi usisubiri alalamike. Tazama kama anafinya macho akiangalia mbali, anainamisha kichwa upande mmoja, anasogelea televisheni, anaruka mistari akisoma, au anaumwa kichwa akitoka shule.

<b>Jaribu nyumbani</b>

Mzibe jicho moja kwa kiganja, asome kalenda ya ukutani akiwa mbali kidogo. Kisha mzibe la pili. Kupima macho yote kwa pamoja hudanganya, maana jicho zuri hulifichia baya.

Akishindwa, chukua karatasi ngumu, itoboe kwa sindano, kisha weka sindano mbali. Mwache achungulie kwa jicho lile lile kupitia kitundu hicho. Herufi zikiwa wazi zaidi, huenda shida ni ya kumalizwa na miwani. Zisipobadilika, ndiyo sababu zaidi ya kuharakisha. Vyovyote iwavyo, jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Na ukiona makengeza au weupe kwenye mboni, usijaribu chochote, nenda hospitali mara moja.

<b>Kuhusu miwani</b>

Kwenye karatasi ya vipimo utaona neno CYL, yaani nguvu ya kurekebisha ule mpindo, na AXIS, namba kati ya 1 na 180 inayoonyesha mwelekeo wake. Ndiyo maana miwani ya kaka yake haimfai, wala ile ya kusomea inayouzwa mitaani, kwa kuwa haina CYL. Fremu ikipinda, mwelekeo nao unahama, kwa hiyo irudishe ikanyooshwe.

Siku za mwanzo mtoto anaweza kusema sakafu imeinama. Mvumilie wiki moja au mbili. Asipozoea, mrudishe akapimwe tena. Hakuna dawa ya matone, karoti wala mitishamba ya kuinyoosha konea. Na kama macho yanamwasha, tibu mwasho huo, maana kuyasugua sana kila siku kunaweza kuidhoofisha konea hadi ichomoze mbele.

<b>Muda haumsubiri mtoto</b>

Jicho lisilopata picha safi utotoni, ubongo huzoea kulipuuza. Hilo ndilo jicho vivu, na miwani peke yake huenda isilitoshe. Matibabu hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka saba hivi. Baada ya hapo huchukua muda mrefu zaidi, lakini usikate tamaa.

Binti yangu alichelewa kidogo. Mbali na miwani, kila siku huzibwa jicho la kulia kwa saa mbili, ili la kushoto lijifunze kazi. Analalamika, nasi tunamsomea hadithi muda uishe.

Usiku wa kwanza alipovaa miwani alikwenda mwenyewe barazani, akatazama barabara kwa muda mrefu. “Baba, miiba imeisha.”

Nilimwomba msamaha kwa ile wiki ya katuni. Wewe mwenzangu, kabla hujamwita mwanao mvivu, mzibe jicho moja kwanza.