Usiruke kurasa ngumu unapomsomea mtoto maisha ya Wangari Maathai

MTOTO wa miaka sita akisomewa kitabu cha maisha ya Prof Wangari Maathai, si ajabu aweke kidole juu ya picha na kuuliza: “Mbona anatoka damu?”

Hapo mzazi hujikuta njia panda. Ni rahisi kufunua ukurasa haraka na kukimbilia Tuzo ya Amani ya Nobel ili mtoto alale akitabasamu. Lakini mtoto anayerushwa ukurasa huo hukosa sehemu muhimu ya kisa.

Vitabu vya watoto kumhusu mwanamazingira huyu si haba. Mwaka wa 2008, Jeanette Winter alitoa Wangari’s Trees of Peace, naye Claire Nivola akatoa Planting the Trees of Kenya. Mwaka wa 2010 kikaja Mama Miti, chake Donna Jo Napoli, kwa michoro ya Kadir Nelson aliyechanganya rangi na vipande vya vitambaa vya kupendeza.

Vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza na waandishi wa Marekani. Mzazi anayemsimulia mtoto kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani ana nafasi nzuri ya kuongeza yale ambayo kitabu chenye picha nyingi na maneno machache hakiwezi kubeba.

Mugumo na mayai ya vyura

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa. Mamake alimkataza kuokota kuni za mti huo, kwani ulikuwa mti wa Mungu.

Jirani na mugumo palikuwa na chemchemi. Huko alikuta mayai ya vyura yaliyofanana na shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni. Kila alipojaribu, yalimponyoka. Watoto hupenda sana sehemu hii.

Alisomea biolojia Marekani, kisha mwaka wa 1971 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango hicho. Lakini aliporudi kijijini baadaye, mugumo ulikuwa umekatwa ili kupanda majani chai. Chemchemi nayo ilikuwa imekauka.

Ndipo alipoelewa katazo la mamake. Mizizi ya mugumo huzama ndani sana, ikapenya miamba hadi kwenye maji yaliyo chini, na maji hayo yakapata njia ya kupanda juu.

Kuni zikiisha, sahani hubadilika

Kuna sehemu nyingine ambayo ni rahisi kuipita, nayo inahusu jikoni.

Mapema miaka ya 1970, akiwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, Prof Maathai alisikia jambo lililomshangaza. Watoto wa eneo la kati, lenye rutuba na mvua, walikuwa wakiugua utapiamlo.

Sababu ilikuwa hii: Mashamba mengi yalikuwa yamegeuzwa kuwa ya kahawa na chai, na miti ikakatwa. Kuni zikawa adimu. Maharagwe na githeri huhitaji moto wa saa nyingi. Mkate mweupe hauhitaji moto kabisa, na uji wa unga uliokobolewa huiva upesi. Akina mama wakapika kulingana na kuni walizokuwa nazo, na watoto wakashiba wanga huku miili ikikosa protini, vitamini na madini.

Hili mtoto wa shule ya msingi anaweza kulielewa akiwa mezani. Mzazi anaweza kumuuliza: Maharagwe haya yalichukua muda gani kuiva? Kama gesi au makaa yangeisha, leo tungekula nini?

Hapo mtoto ataona kwamba Wangari hakupanda miti kwa sababu inapendeza machoni pekee. Akina mama walihitaji kuni, maji safi, chakula bora na pesa kidogo mkononi.

Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miche saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ukawa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Baadhi ya wataalamu wa misitu walidhani kazi hiyo ilihitaji watu wenye diploma. Akina mama wa vijijini wakaotesha mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika, na kulipwa ada ndogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Kufikia mwaka wa 2004, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Ukurasa wa damu

Januari 1999, Prof Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, Nairobi, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Alipotakiwa kutia saini malalamishi yake kwa polisi, alichora alama kwa damu yake mwenyewe.

Mtoto wa miaka minne au mitano hahitaji maelezo yote hayo. Anatosheka kuambiwa: “Watu waliotaka kukata msitu walimuumiza. Alitibiwa, akapona, na akaendelea.” Mkubwa wake, wa miaka minane au zaidi, anaweza kuelezwa maana ya ardhi ya umma, na kwa nini mtu anaweza kuumizwa kwa kuitetea.

Ukimwona ameogopa, mwachie nafasi ya kuuliza. Mwambie ukweli mfupi, kisha mwonyeshe mwisho wa tukio: Msitu wa Karura bado upo, na familia huenda huko kutembea na kuendesha baiskeli.

Kuhusu kifo chake pia, ukweli mfupi unatosha. Prof Maathai alifariki Septemba 25, 2011 akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kuugua saratani ya ovari. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, hivyo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji.

Baada ya kufunga kitabu, mtafutie mtoto mkebe wa zamani, udongo na mbegu, hata kama mnaishi kwenye ploti isiyo na shamba. Mpe kazi ya kumwagilia kila asubuhi kabla ya shule. Na zawadi, kama ipo, isubiri hadi mche ushike, kama akina mama wa Green Belt walivyosubiri ada yao.